Nikaha Imefungwa, Viza Bado



Ndugu wasomaji, kwa miezi kadhaa sasa barua zinazofika katika ukurasa huu, na watu wanaobisha hodi katika ofisi ya kamati yetu baada ya swala ya Alasiri, wamekuja na jambo moja. Ndoa imefungwa, mahari yametolewa, walima imeliwa, bwana harusi amepanda ndege kurudi Uingereza anakofanya kazi, na bibi harusi amebaki hapa akingoja viza. Aliambiwa miezi mitatu. Sasa unakwenda mwaka wa pili.

Mambo ya uhamiaji yana wataalamu wake, na mwenye shauri gumu amwendee mwanasheria mwenye kibali cha kazi hiyo. Lakini kungoja kwenyewe, yaani namna familia ya Kiislamu inavyoishi katika miezi ambayo mume yuko Leicester na mke yuko Temeke, hilo halimhusu mwanasheria. Hilo linatuhusu sisi tuliokaa kitako siku ya ndoa tukasema amin.

Kwanza tuieleze safari yenyewe, maana wengi wanaolalamika kuwa viza imechelewa hawajui imechelewa wapi. Mume aliyeko Uingereza, akiwa raia wa nchi ile au mwenye ukaazi wa kudumu, ndiye mdhamini. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 mdhamini anayeomba kwa mara ya kwanza hutakiwa kuthibitisha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2012, kiwango kilikuwa pauni 18,600. Mwenye kutegemea mshahara huleta hati za mshahara za miezi 6 kutoka kwa mwajiri mmoja, pamoja na taarifa za benki za miezi hiyo hiyo. Hapa ndipo wengi wanapopoteza nusu mwaka bila kujua. Kijana anaoa mwezi wa Shaabani, mwezi wa Shawwali anapata kazi nyingine yenye mshahara mnono zaidi, anahamia huko kwa furaha, na hesabu ya miezi 6 inaanza upya, au analazimika kuleta hesabu ya miezi 12 iliyopita. Mkewe huku haambiwi lolote ila kwamba "mambo yanaendelea."

Upande wa mke kuna mtihani wa Kiingereza cha kuzungumza na kusikiliza, unaofanywa katika kituo kilichoidhinishwa. Kuna kipimo cha kifua kikuu, na cheti chake hudumu miezi 6 tu, kwa hiyo anayekimbilia kupima mapema kabla mumewe hajakamilisha hati zake huja kupima tena na kulipa tena. Kuna fomu ya kujaza kwa njia ya mtandao, ada ya ombi, ada ya huduma ya afya, kisha siku ya kwenda kituoni kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Baada ya siku hiyo ndipo kungoja kwenyewe kunapoanza kuhesabiwa. Muda unaotajwa kwa wenza wanaoomba wakiwa nje ya Uingereza ni wiki 12. Mwaka 2022, maombi ya watu waliokimbia vita vya Ukraine yalipotangulizwa, muda huo ulitangazwa kuwa wiki 24, na familia zilizokuwa zimekwisha kununua tiketi zilipata hasara kubwa. Wiki hizo ni lengo la ofisi, wala si ahadi kwa mwombaji. Shauri likionekana kuwa na utata, huwekwa kando na kuchukua muda wake.

Basi mtu akitujia akasema, "Tunasubiri viza mwaka mzima," swali letu la kwanza huwa hili: ombi liliwasilishwa lini? Mara nyingi jibu ni kwamba liliwasilishwa miezi miwili iliyopita. Miezi kumi ya mwanzo haikuliwa na Waingereza. Ililiwa na karatasi ambazo hazijakusanywa, na nyingine ni karatasi za kwetu.

Karatasi za kwetu tuziseme bila haya. Mtoto amezaliwa, cheti kinasema Fatuma Juma. Shuleni ameandikwa Fatma Juma Salum. Kitambulisho cha taifa kinasema Fatma Juma Salumu, pasipoti imefuata kitambulisho, na daftari la ndoa limeandikwa Fatima bint Juma kwa sababu mjomba aliyesimama kama wakala wa walii alitamka hivyo na mwandishi akaandika alichosikia. Kwetu sote huyu ni Fatma mmoja, binti wa mzee Juma wa nyuma ya msikiti. Afisa aliyekaa Sheffield na jalada mbele yake anaona wanawake wanne. Na majina ya wanaume yana balaa lake: Mohamed, Muhammad, Mohammed, Muhamed, kila moja likiwa na fundi wake. Kurekebisha jina kwa hati ya kiapo kunawezekana, lakini ni wiki za kupanda na kushuka ngazi za ofisi, na ni swali ambalo afisa hakuwa nalo kabla hatujampa.

Kwa hiyo msikitini kwetu mwandishi wa daftari la ndoa haandiki tena kwa kusikia. Pasipoti za wote wawili huwekwa mezani siku tatu kabla ya nikaha, na jina hunakiliwa herufi kwa herufi. Wapo waliolalamika kwamba tumeigeuza ndoa kuwa kituo cha polisi. Sawa, walalamike. Vilevile karatasi yetu yenye muhuri wa mwezi na nyota ni ushahidi mbele ya jamaa na majirani. Inayotakiwa na ofisi ya viza ni cheti cha ndoa iliyosajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kile kinachotambuliwa na RITA. Na wenye kupendelea nikaha ya wakala, bwana akiwa huko na bibi akiwa huku, wajue kwamba kanuni za Uingereza zinataka mume na mke wawe wamekwisha kuonana ana kwa ana. Kisheria yetu uwakala unafaa. Katika ombi la viza unaleta maswali.

Hapa tuna neno moja la kusema, na tunajua kuna watakaokasirika. Wapo wanaume wenye mke Uingereza wanaokuja kuoa mke wa pili hapa nyumbani, jambo ambalo Mwenyezi Mungu amelihalalisha kwa sharti la uadilifu, na wanamwahidi binti wa watu kwamba watamchukua. Kanuni za nchi ile hazimruhusu mke wa pili kuingia kama mke wakati mke mwingine yuko huko na ndoa yake imesimama. Viza ya binti huyo haichelewi, haipo. Mwanamume anayelijua hilo na akalificha ili akubaliwe posa yake amemghushi mwanamke na walii wake. Mawalii, ulizeni. Si utovu wa adabu kumwuliza mposaji kama ana mke mwingine na kama mke huyo yuko wapi.

Sasa tuje ndani ya nyumba. Dada yetu mmoja ametuandikia na kutupa idhini ya kueleza habari yake pasipo jina. Ana miezi 14 katika nyumba ya wakwe. Mumewe ni mchamungu na hana ubaya naye. Anatuma fedha kila mwisho wa mwezi, lakini anazituma kwa mama yake, na dada huyu akitaka sabuni au nauli ya kwenda darasani anamwomba mama mkwe. Yeye ndiye anayepika, anayefua, anayempeleka baba mkwe hospitali. Wifi zake wamemwita "mke wa simu," kwa mzaha, anasema, lakini mzaha huo umeanza kumwingia. Baba yake mzazi anataka arudi nyumbani. Anauliza: je, nikirudi kwetu nitakuwa nimemwasi mume wangu? Na je, nina haki ya kudai fedha ile ije mkononi mwangu, au huo ni utovu wa shukrani?

Tuanze na la fedha kwa kuwa halina ugumu. Nafaqa ni haki ya mke, na haki hupewa mwenyewe. Mama mkwe ana haki zake kwa mwanawe, kubwa kwelikweli, lakini haki hizo hazilipwi kutoka katika mfuko wa mke. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyokulia sisi wa pwani hii, mwanamke aliyejitoa tayari kwa mumewe, akasema niko hapa nichukue, kisha kinachowatenganisha si kukataa kwake, hapotezi masurufu yake kwa sababu ya umbali. Na zaidi ya hapo: masurufu yasiyotolewa hayafutiki kwa kupita kwa wakati. Hubaki kuwa deni shingoni mwa mume, mwezi juu ya mwezi, kama deni la duka. Wenzetu wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa wana kauli nyingine katika hili, kwamba ya nyuma hudaiwa tu ikiwa kadhi alikwisha hukumu au wawili walikwisha kukubaliana kiwango, na wasomaji wetu wenye asili ya madhehebu hayo wawaulize masheikh wao. Lakini hakuna madhehebu yanayosema mke aombe sabuni kwa wifi.

Tena kuna faida ya pembeni ambayo waume wengi hawaijui. Afisa wa viza anataka kuona kwamba ndoa hii ni ndoa ya kweli. Fedha inayotumwa kila mwezi kwa jina la mke, kwa benki au kwa simu, na risiti zikatunzwa, ni ushahidi wa kudumu. Fedha iliyotiwa kwenye bahasha na kubebwa na msafiri, au iliyotumwa kwa jina la mama, haionekani popote. Ni nadra mambo ya sheria yetu na ya ofisi zao kukutana hivi, yanapokutana tuyatumie.

La makazi lina uzito zaidi. Mke ana haki ya maskani inayomfaa, yenye sitara yake, na kuishi pamoja na jamaa wa mume si wajibu aliobebeshwa na sharia. Kuwahudumia wakwe ni ihsani, na malipo yake kwa Mwenyezi Mungu ni makubwa, ila ihsani haigeuzwi kuwa ajira. Wakati huo huo mke hahami nyumba aliyowekwa na mumewe pasipo idhini yake. Akifanya hivyo kwa ghadhabu, anajifungulia mlango wa kuitwa nashiza na kuikosesha nguvu haki yake mwenyewe. Kwa hiyo jibu letu kwa dada huyu lilikuwa asirudi kwao kimya kimya, wala asibaki kimya kimya. Wazazi wa pande mbili wakae, simu ipigwe, mume aombwe idhini mbele yao, atamke kwamba mkewe yuko kwa wazazi wake kwa ruhusa yake na kwamba masurufu yanamfuata huko. Mume aliye mbali hapotezi kitu kwa kuruhusu hivyo, na mke hupata mahali pa kupumua. Akichagua kubaki kwa wakwe kwa mapenzi yake, abaki akiwa na mfuko wake.

Kikao hicho kilifanyika. Mama mkwe alilia, na kumbe hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa amezoea miaka yote kuwa mwanawe akituma fedha, fedha ni ya nyumba nzima. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndoa imebadilisha hesabu.

Katika kamati yetu jambo hili lilizua mazungumzo marefu. Mzee wetu mmoja, ambaye kwa umri na elimu ametutangulia mbali, alisema kwamba viza ni riziki kama riziki nyingine, na wanawake hawa waambiwe wasubiri. Tunamheshimu, na kwamba viza ni riziki hatupingi. Tulichomwomba atufafanulie ni subira ya namna gani. Kwa sababu tunapofungua sira tunamkuta mwanamke aliyetenganishwa na mumewe kwa sababu ya kuvuka mpaka, na subira yake haikuwa ya kukaa kimya.

Ni Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, kabla hajawa mama wa waumini. Alitoka Makka na mumewe Abu Salama na mtoto wao Salama kwenda Madina. Jamaa zake, Banu Mughira, wakamzuia njiani: mume aende, binti yao abaki. Jamaa za mume nao, Banu Abdil Asad, wakaghadhibika, wakasema ikiwa mwanamke anabaki kwa jamaa zake basi mtoto ni wetu. Wakavutana mtoto yule hata mkono wake ukateguka. Siku moja familia ya watu watatu ikawa sehemu tatu: mume Madina, mke kwa jamaa zake, mtoto kwa jamaa wa baba. Alifanya nini Ummu Salama? Kila asubuhi alitoka akaketi Abtah, mahali pa wazi ambapo watu hupita, akalia mpaka jioni. Alifanya hivyo mwaka mmoja au karibu yake. Hakujifungia ndani ili watu wasione. Mpaka mmoja wa jamaa zake alipopita, akamwona, akaingiwa na huruma, akaenda kuwaambia wenzake: kwa nini hamumwachi huyu maskini? Ndipo wakamwachia, na wale wengine wakarudisha mtoto. Akapanda ngamia wake, yeye na mwanawe, peke yao. Alipofika Tan'im akakutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu, naye akaona haifai mwanamke asafiri hivyo; akamwongoza kwa heshima njia nzima hadi Quba, kisha akarudi zake Makka.

Tumeisoma habari hii mara nyingi madarasani kama habari ya Hijra. Isomwe pia kama habari ya mtu mmoja aliyefungua mdomo. Ummu Salama hakuwa na uwezo wa kujitoa mwenyewe. Alihitaji mtu wa ukoo amsemee, na mwingine amsindikize. Ndiyo maana tunasema dada anayengoja viza asiachwe na simu yake tu. Amiri wa darasa la wanawake amjue. Walii wake, ambaye kazi yake haikuisha siku ya kutoa idhini, aulizie ombi limefika wapi, akaone namba yake kwa macho yake.

Na muda nao una hesabu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, akizunguka mitaa ya Madina usiku alimsikia mwanamke akieleza upweke wake kwa mume aliyekuwa vitani. Akamwendea binti yake Hafsa akamwuliza mke huweza kumkosa mumewe muda gani. Jibu lake, kwa kutofautiana mapokezi, lilikuwa miezi 4 au 6, na Umar akaweka mpaka wa askari kukaa mbali na wake zao kwa jibu hilo. Kiongozi wa dola alikwenda kuuliza mwanamke, na akabadilisha amri ya jeshi kwa jibu la mwanamke. Hatusemi kwamba mume aliyezuiwa na ofisi ya viza ni sawa na mume aliyejiweka mbali kwa hiari yake. Tunasema hitaji la mke halijui tofauti hiyo. Viza inamzuia mke kwenda. Mara nyingi haimzuii mume kuja. Likizo yake ya mwaka iwe ya huku. Wapo wanaosema nauli ile bora iwekwe akiba kwa ajili ya ada, na tunaielewa hesabu hiyo, kwa sababu ada ni kubwa na vijana wengine wanafanya kazi zamu mbili ili wafikie kiwango cha kipato. Hata hivyo tumeona ndoa zilizopata viza na zikakosa watu wa kuitumia. Wiki tatu za kuwa pamoja kila mwaka zina thamani ambayo haiandikwi kwenye fomu, ingawa hata kwenye fomu mihuri ya safari hizo husaidia.

Iwapo katika safari hizo Mwenyezi Mungu akawajaalia mtoto, na baba ni raia wa Uingereza kwa kuzaliwa huko au kwa kuandikishwa uraia, si kwa kurithi kutoka kwa mzazi, basi kwa kawaida mtoto huyo ni raia tangu kuzaliwa na huombewa pasipoti, si viza. Tumewaona wazazi wakitaka kulipa ada ya viza kwa mtoto asiyeihitaji.

Siku hizi, kabla ya nikaha ya mwenye makazi ng'ambo, tunawakalisha wawili na mawalii wao tukawauliza maneno ambayo zamani yaliachwa. Mke ataishi wapi wakati wa kungoja? Masurufu ni kiasi gani na yatapita njia gani? Mume atakuja mara ngapi? Na ikifika muda gani bila viza, tutakutana tena kuzungumza? Hili la mwisho huwakera mabwana harusi, wanaona kama tunaitabiria ndoa mabaya. Lakini mke ambaye anajua kuwa mwezi fulani wazee watakaa tena humaliza miezi hiyo kwa utulivu kuliko aliyeambiwa "vuta subira" pasipo tarehe. Na ikiwa hali imefika pa kufika, mume amekata masurufu na hajulikani alipo, mke hakufungwa kamba. Zanzibar na Kenya kuna mahakama za kadhi. Tanzania Bara shauri hupita kwanza katika baraza la usuluhishi la ndoa. Kuifikia milango hiyo kwa haki si aibu.

Kuhusu vishoka tutasema kidogo. Hakuna mtu aliyekaa kwenye kibaraza cha duka la kuchapa nyaraka mwenye mkono ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza. Huduma ya kulipia uharaka, pale inapotolewa, hulipwa kwa njia rasmi. Anayekuuzia taarifa ya benki ya kughushi anakuuzia kukataliwa, na uongo ule hubaki katika kumbukumbu kila utakapoomba tena. Na kwamba uongo ni haramu hata kwa karatasi, hilo hatukutegemea kulieleza kwa wasomaji wa gazeti hili.

Tumalizie na jambo la barua pepe, ambalo laonekana dogo. Mume ndiye ajuaye mtandao, kwa hiyo ndiye anayejaza fomu, na anaweka anwani yake mwenyewe. Barua zote za ofisi zinamfikia yeye. Kijana mmoja alikataliwa ombi, akaona haya kumwambia mkewe na baba mkwe wake, akanyamaza miezi minne akitafuta namna ya kurekebisha. Hatumlaumu kwa machungu. Alifunga Ramadhani nzima peke yake chumbani kwake na siri hiyo. Lakini mwenye ombi la mwenza lililokataliwa akiwa nje ya Uingereza ana siku 28 za kukata rufaa tangu alipopokea uamuzi, na siku hizo zilipita mke akiwa bado anasema msikitini, "Niombeeni, jibu linakaribia." Ilibidi waanze ombi jipya, kwa ada mpya na kipimo kipya cha kifua kikuu.

Anwani iwe ya mke, neno la siri alijue mke. Ombi ni lake. Jina lililo juu ya fomu ni lake. Wiki zilizotajwa zikipita bila jibu, mume ana haki ya kumwendea mbunge wa jimbo analoishi kule, na ofisi ya mbunge huiandikia wizara kuulizia shauri. Si upendeleo wala si rushwa, ni kazi ya kawaida ya wabunge wa nchi ile, na waume wetu wengi hawajui hata jina la mbunge wao. Aende na namba ya ombi, tarehe ya kutoa alama za vidole, na barua ya mke inayomruhusu mbunge kuulizia habari zake.

Barua ya msikiti ya kuthibitisha ndoa hutolewa ofisini kwetu Jumamosi baada ya Adhuhuri. Haina malipo. Njooni na cheti kilichosajiliwa na pasipoti za wote wawili, au nakala zake zinazosomeka.

Wabillahi tawfiq.